Shahidi wa Pili Mlangoni pa Chuo

Chuo chenye waombaji wengi kuliko viti vyake hakina budi kuchagua, na mwenye kuchagua hana budi kutoa sababu. Katika hayo hapana lawama. Lawama huanza pale sababu inayotajwa mbele ya watu inapokuwa mbali na desturi inayofuatwa mezani. Vyuo vya Marekani vyenye mlango mwembamba vimefika hapo. Vinatangaza kwamba mtihani umerudishwa ili kumvumbua kijana mwenye uwezo aliyefichwa na hali yake. Lakini kijana huyo atokeapo, ameshika tokeo kubwa la mtihani kwa mkono mmoja na alama ndogo za darasani kwa mkono wa pili, hutazamwa kama mtu aliyekwisha kujihukumu mwenyewe. Alama zake, husemwa, zimesema yote.

Hazikusema yote. Zimesema nusu, na nusu hiyo inapingwa na shahidi ambaye chuo chenyewe kimemwita. Mwenye kuita mashahidi wawili, kisha akamwamini wa kwanza peke yake kila wanapohitilafiana, hakuwa na haja ya kumsumbua wa pili. Hilo ndilo dai la insha hii, na yatakayofuata ni hoja zake na majibu kwa wanaolipinga.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akaona ajabu kusikia kwamba mtu aliyeshinda mtihani aweza kukataliwa na chuo. Mwanafunzi wa Kenya hupangiwa chuo kwa daraja alilopata katika mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari. Mwenzake wa Tanzania, kwa kawaida, hutazamwa kwa ufaulu wake wa Kidato cha Sita. Alama aliyopewa na mwalimu wa historia kwa insha aliyochelewesha miaka mitatu nyuma haipelekwi mbele ya chuo. Marekani mambo ni mengine. Huko sekondari ni miaka minne, na katika kila somo la kila muhula mwanafunzi hupata herufi yenye thamani yake: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F haina kitu. Thamani hizo hujumlishwa na kugawanywa, ukapatikana wastani mmoja wa miaka yote. Wastani unaokaribia 4 ni fahari ya mzazi. Wastani wa 2.7 ni doa mbele ya vyuo vikubwa. Kando ya wastani huo husimama mtihani wa nje: ama SAT, ambao matokeo yake huanzia 400 na kuishia 1600, ama ACT, ulioanzishwa katika jimbo la Iowa mwaka 1959, ambao matokeo yake huanzia 1 na kuishia 36. Wastani hutolewa na walimu wengi kwa siku nyingi. Tokeo la mtihani hutolewa na mgeni kwa kazi ya saa chache. Ndio mashahidi wawili, na kila mmoja ana ubora wake na aibu yake.

Aibu ya mtihani ni ya asili. Bodi ya mitihani ya vyuo iliundwa mwaka 1900, na mitihani yake ya kwanza ilifanywa mwaka 1901. SAT yenyewe ilifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 na watahiniwa kiasi cha 8,000. Aliyeongoza utungaji wake, Carl Brigham wa Princeton, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1923 akizipanga kabila za watu juu na chini kwa vipimo vya akili vilivyotumiwa katika jeshi la Marekani. Mwaka 1930 aliyakana mwenyewe mahitimisho yake. Lakini mtihani ulibaki, ukapata kazi nyingine. James Bryant Conant, aliyeshika urais wa Harvard mwaka 1933, alitaka njia ya kuwapata vijana hodari waliokuwa mbali na shule za bweni za matajiri wa pwani ya mashariki, na tangu mwaka 1934 SAT ikatumiwa kuchagulia wanafunzi wa kufadhiliwa. Kwa hiyo mtihani huu una urithi wa namna mbili: urithi wa dharau na urithi wa uvumbuzi. Anayeutetea leo hawezi kujinasibisha ila na ule wa pili, na akijinasibisha nao sharti autende.

Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya Korona, vyuo vingi viliacha kuudai mtihani. Mwezi wa Mei mwaka huo wakuu wa Chuo Kikuu cha California waliamua kuuacha kabisa, ijapokuwa kamati ya maprofesa wao wenyewe ilikuwa imeshauri kwamba usiachwe upesi. Wengine walirudi nyuma. MIT iliurudisha Machi 2022. Dartmouth na Yale zilifuata Februari 2024, Brown mwezi wa Machi, Harvard na Caltech mwezi wa Aprili. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri. MIT ilisema kwamba mtihani huisaidia kumtambua kijana aliye tayari kwa hesabu ngumu ingawa shule yake haina madarasa ya juu ya somo hilo. Maprofesa wa Dartmouth walichungua maombi ya miaka ile ya hiari, wakaona kwamba baadhi ya vijana wa nyumba zisizo na kitu walificha matokeo ambayo yangewasaidia. Walidhani ni madogo, kumbe kwa hali yao yalikuwa makubwa.

Maneno hayo yakubaliwe kama yalivyosemwa, kisha yapimwe. Mwombaji aweza kufika kwa moja ya njia nne. Aweza kuwa na alama kubwa na tokeo kubwa. Mtihani hapo umethibitisha kilichojulikana. Aweza kuwa na alama ndogo na tokeo dogo; hapo pia umethibitisha. Aweza kuwa na alama kubwa na tokeo dogo. Hapo mtihani umemshusha, na chuo humtilia shaka mwalimu aliyemsifu. Njia ya nne ni ya alama ndogo na tokeo kubwa. Hapo peke yake ndipo mtihani uwezapo kumwinua mtu aliyeshushwa na alama. Njia hiyo ikizibwa, mtihani umekuwa kisu chenye makali upande mmoja: waweza kukata, hauwezi kufungua.

Nayo haiko wazi. Takwimu ambazo MIT na Yale zimekuwa zikizitoa zenyewe zaonyesha kwamba, kati ya wanafunzi wapya ambao nafasi zao darasani zilijulikana, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa katika sehemu ya kumi ya juu ya darasa lao. Nafasi hiyo hupatikana kwa alama, haipatikani kwa SAT. Anayetafuta katika hesabu hiyo mahali pa kijana wa wastani wa 2.7 atakuta upenyo wa sindano.

Vyuo vitajibu kwamba aliyekusudiwa ni kijana mwenye alama nzuri kutoka shule dhaifu, ambaye alama zake pekee zisingeaminiwa. Jibu hilo ni la kweli, wala si la kutosha. Limekubali kwamba shule yaweza kumficha mtoto, likakataa kwamba nyumba yaweza kumficha vilevile. Kwa nini udhaifu wa maabara usamehewe, na ugonjwa wa mama usisamehewe?

Hapa ndipo anapoinuka mpinzani wa kwanza, naye husema kwa sauti ya mlezi. Alama, asema, ni tabia. Mtihani hupima kichwa, lakini alama hupima mtu: kuamka, kufika, kutimiza, kurudia, kuvumilia. Mwenye akili asiyefanya kazi ni kisima kisicho na kamba.

Maneno haya ni matamu, na sehemu yake ni kweli, lakini yataka kufunguliwa. Ndani ya alama ya darasani mna maarifa, ndiyo. Mna pia mahudhurio, kazi iliyopelekwa kwa wakati, na uradhi wa mwalimu. Chini ya hayo mna mambo ambayo mtoto hakuyachagua: chumba chenye ukimya, taa, usafiri wa asubuhi, mzazi aliyepo, tumbo lililoshiba. Mtoto anayepokea zamu ya usiku katika duka la vyakula ili kodi ya nyumba ilipwe, kisha akalala darasani saa ya kwanza, ametenda tabia ile ile inayosifiwa. Ameamka, amefika, ametimiza, amevumilia. Tofauti ni kwamba aliyoyatenda hayakuandikwa katika daftari la shule. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na msomaji wa maombi aliyeko umbali wa maili 2,000 hajalala katika nyumba hiyo hata usiku mmoja.

Hata hesabu ya alama yenyewe ina ukali usioonekana. Mwanafunzi aliyepata 90 katika kazi tisa, na ya kumi hakuileta kwa sababu alikuwa hospitalini na mdogo wake, akiandikiwa sifuri wastani wake huwa 81. Ameshuka kutoka A hadi B, naye hakukosa jibu hata moja zaidi ya alivyokosa jana. Mwingine alipata wastani wa 2.0 katika miaka miwili ya kwanza, nyumba yao ilipokuwa ikivunjika, kisha akapata 4.0 katika miaka miwili ya mwisho. Karatasi yake itasema 3.0. Wa tatu alipata 4.0 mwanzoni akaporomoka hadi 2.0 mwishoni. Karatasi yake pia itasema 3.0. Mmoja anapanda ngazi na mmoja anaanguka, na wastani umewaita ndugu. Chuo Kikuu cha California, katika kupiga hesabu ya wastani kinaoutumia, hakihesabu alama za mwaka wa kwanza wa sekondari. Hilo latosha kuonyesha kwamba kanuni ya wastani imetungwa na watu, na yaweza kutungwa upya na watu.

Mpinzani wa pili huja na vitabu, naye astahili heshima zaidi. Mwaka 2009 William Bowen, Matthew Chingos na Michael McPherson walitoa kitabu juu ya vyuo vya umma vya Marekani, wakaonyesha kwamba alama za sekondari hubashiri vizuri kuliko mtihani ni nani atakayemaliza masomo na nani atakayeyaacha njiani. Basi, asema mpinzani, kumpokea mwenye alama ndogo ni kumpeleka kwenye aibu.

Majibu yake ni mawili. La kwanza, utafiti ule ulikuwa wa vyuo vya umma, ambamo mamia ya maelfu huingia na wengi hukwama kwa ada, kwa kazi na kwa safari. Juu ya vyuo vichache vyenye mlango mwembamba, utafiti wa John Friedman, Bruce Sacerdote na Michele Tine uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kinyume: humo tokeo la mtihani hubashiri vizuri alama za mwaka wa kwanza, na wastani wa sekondari hubashiri kidogo, kwa kuwa karibu kila aliyeingia ana wastani mkubwa. Vyuo hivyo hivyo viliutegemea utafiti wa namna hiyo viliporudisha mtihani. Haviwezi kuushika kwa kudai tokeo na kuuachia kwa kusoma alama.

Jibu la pili ni zito zaidi. Ubashiri huonyesha yaliyowapata wengi. Hauonyeshi kwa nini yaliwapata. Ikiwa alama ndogo zilitokana na kazi ya usiku, na chuo cha umma kikampokea kijana huyo bila kumwondolea kazi ya usiku, hapana ajabu akaanguka tena kwa sababu ile ile. Lakini chuo chenye mlango mwembamba ndicho chenye kitanda, chakula, daktari, na ruzuku inayotosha ada na malazi. Ndicho kiwezacho kuliondoa lile lililomwangusha. Kumkataa kwa sababu aliwahi kuanguka akiwa amebebeshwa mzigo, hali wewe ndiwe uwezaye kuutua, ni kumpima mtu kwa mzigo wake.

Mpinzani wa tatu amesimama upande wa pili wa uwanja, na kwa kuwa anajifanya rafiki wa hoja hii ni lazima aondolewe kwa nguvu ile ile. Huyu ni mwabudu mtihani. Kwake tokeo la 1550 ni hati ya ufalme. Aliyelipata, asema, ni mwenye kipaji. Alama zake ndogo ni ushahidi kwamba shule ilikuwa chini ya hadhi yake. Wazazi wengi wenye uwezo husema hivyo juu ya watoto wao, na watoto huamini upesi.

Mtihani hauna uwezo wa kusema hayo. Mtoto wa nyumba iliyojaa hufundishwa kwa malipo namna ya kuujibu, huurudia mara mbili na mara tatu, na vyuo vingi humhesabia sehemu bora ya kila mara. Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha mwaka 2023 kwamba watoto wa familia zilizo katika sehemu moja ya mia yenye mapato makubwa kabisa walikuwa na nafasi iliyozidi mara mbili ya watoto wa tabaka la kati ya kuingia katika vyuo vile vikuu kumi na viwili, hata walipokuwa na matokeo sawa ya mtihani. Mtoto huyo hana haja ya mtetezi. Ikiwa alikuwa na chumba, na taa, na mwalimu wa faragha, na bado hakupeleka kazi yake kwa miaka minne, basi alama zake zimesema kweli, na tokeo lake kubwa limeongeza hatia badala ya kuipunguza, kwa kuwa limethibitisha kwamba aliweza na hakutaka.

Kwa hiyo tofauti ile ile ya karatasi yaweza kuwa na maana mbili zinazopingana. Kwa mmoja, alama ndogo na tokeo kubwa ni alama ya mzigo. Kwa mwingine ni alama ya uvivu. Karatasi haiwezi kuwatenga. Anayeona tofauti hiyo akasema papo hapo “kipaji” amekosa, na anayesema papo hapo “uvivu” amekosa. Mashahidi wawili wanapopingana, hakimu mwenye akili hapigi kura, huuliza.

Na vyuo haviulizi. Mpinzani wa nne, ambaye ni karani wa nyumba, husema kwamba nafasi ya kuuliza haipo: Harvard imepata kupokea maombi zaidi ya 50,000 kwa mwaka mmoja, nayo hupokea watu wasiozidi 5 katika kila 100. Nani awezaye kumwandikia kila mmoja? Kisha, asema, fomu ya maombi ina mahali ambapo mwombaji aweza kueleza shida yake, na mshauri wa shule huandika barua.

Lakini hakuna aliyetaka kila mmoja aandikiwe. Aandikiwe yule ambaye mashahidi wake wanapingana, na ambaye shule yake au anwani yake yaonyesha kwamba hakuzaliwa juu ya mto wa pamba. Chuo chenye akiba inayozidi dola bilioni 50 hakiwezi kulalamika kwamba kimekosa bei ya barua. Ama ile nafasi ya maelezo iliyo katika fomu, humfaa zaidi aliyefundishwa kuitumia. Mtoto wa shida mara nyingi huona haya kuitaja shida yake, au haijui kuwa ni shida, maana ndiyo maisha pekee aliyoyajua. Na mshauri wa shule? Chama cha washauri hao nchini Marekani hupendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na wastani wa nchi umezidi kiasi hicho kwa miaka mingi. Barua itokayo kwa mtu anayeangalia mamia ya vijana haiwezi kulijua jina la mgonjwa aliyeuguzwa nyumbani. Shule ya kulipia yenye mshauri kwa watoto arobaini huandika barua inayojua kila kitu. Hivyo hata njia ya kujieleza imegawanywa kwa kipimo cha mali.

Jambo hili lawagusa pia vijana wa Afrika Mashariki wanaoandikia vyuo hivyo kila mwaka, tena kwa namna ambayo wengi hawaitambui mpaka barua ya kukataliwa ifike. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, A huanzia 75 na B huanzia 65. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90, na 65 ni D. Mwanafunzi wa Tabora au wa Tanga aliyepewa 66 na mwalimu mkali, akawa miongoni mwa wa mbele darasani kwake, aonekana mbele ya msomaji asiyejua vipimo hivyo kama mtu aliyeponea chupuchupu. Huyu hakushushwa na ugonjwa wala na zamu ya usiku. Ameshushwa na tafsiri. Tokeo lake la SAT ndilo lugha pekee ambayo msomaji yule aielewa bila mkalimani. Nalo likikanushwa na 66 isiyofasiriwa, mtoto amehukumiwa kwa kosa la msomaji. Wako wasomaji wazoefu wajuao vipimo vya nchi hizi, lakini haki isiyotegemea kanuni, ikategemea bahati ya nani aliyelifungua faili, bado haijawa haki. Mkuu wa shule apelekaye karatasi bila kueleza vipimo vyake na nafasi ya mtoto katika darasa lake naye ana sehemu ya lawama hii.

Wala Afrika Mashariki haina haki ya kucheka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikiri kwamba Tanzania ilikuwa imeupa mtihani wa mwisho enzi kubwa mno. Likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe, na vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti hilo la kazi lililegezwa baadaye, na mtihani ukarudia sehemu kubwa ya enzi yake. Marekani ilimpa daftari la mwalimu neno la mwisho. Afrika Mashariki ilimpa mtahini. Kila upande umemwacha mtoto fulani nje kwa kumziba mdomo shahidi mmoja.

Yapo basi matatu yanayodaiwa kwa vyuo vyenye mlango mwembamba. La kwanza, palipo na tofauti kubwa kati ya alama na tokeo, na palipo na dalili ya ufukara, asikataliwe mtu kabla hajaulizwa, yeye na shule yake, juu ya sababu. La pili, alama zisomwe mwaka kwa mwaka na zisisomwe kwa wastani peke yake, ili apandaye asifananishwe na aangukaye. La tatu, kila chuo kilichorudisha mtihani kwa jina la vijana waliofichwa kitangaze kila mwaka kimewapokea wangapi ambao tokeo lao lilishinda alama zao. Ikiwa idadi ni sifuri, basi jina la vijana hao lisitumiwe tena.

Na lipo neno linalomhusu mwombaji mwenyewe, kwa kuwa kumtetea bila kumshauri ni kumtumia. Asizipambe alama zake. Insha ya maombi iliyojaa machozi na methali za ushindi humchosha msomaji na kumtia shaka. Sababu ikiwa ni ya kweli, sentensi tano zatosha: nini kilitokea, tangu lini hadi lini, nani awezaye kushuhudia, kimekwisha au kingalipo, na alama zilikuwaje baada ya kwisha. Mwalimu aliyemwona akipanda ni shahidi bora kuliko rafiki mashuhuri wa baba. Na ikiwa sababu ilikuwa uvivu, asiitafutie jina jingine. Ajenge rekodi mpya, kisha arudi.

Rekodi mpya yawezekana. Mpango wa elimu ya juu wa California wa mwaka 1960 uliweka mlango wa Chuo Kikuu cha jimbo hilo kwa sehemu moja ya nane ya juu ya wahitimu, lakini ukaacha vyuo vya jamii wazi kwa wote, na njia ya kutoka humo kuhamia chuo kikuu. Kijana aliyeshindwa sekondari aweza kusoma humo miaka miwili kwa ada ndogo, na aombapo kuhama hutazamwa zaidi kwa kazi ya miaka hiyo miwili. Princeton yenyewe, iliyokuwa imefunga njia ya kuhamia tangu mwaka 1990, iliifungua tena mwaka 2018, ikawatazama kwa jicho jema waliotoka vyuo vya jamii na jeshini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini mlango wa nyuma usitumiwe kuwa udhuru wa kuufunga ule wa mbele. Kumwambia mtoto wa zamu ya usiku azunguke miaka miwili, huku mtoto wa mwalimu wa faragha akipita moja kwa moja, ni kumtoza kodi ya mzigo alioubeba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya huyu ni ndogo sana. Hakudai kiti. Adai kwamba shahidi aliyeitwa na chuo, na ambaye mwombaji amemlipia ada ili aje, asikilizwe mpaka amalize kusema.